UCHAMBUZI: Nafuu ya ushuru kwa akiba ya uzeeni yamfaa nani hasa?

KWA karibu miongo miwili, mfanyakazi wa Kenya aliyejiwekea akiba ya uzeeni alisamehewa ushuru kwa mchango usiozidi Sh20,000 kwa mwezi. Tangu Desemba 27, 2024, kikomo hicho kimekuwa Sh30,000, na malipo anayochukua mstaafu baada ya kutimiza umri wa kustaafu hayatozwi ushuru hata senti moja.

Serikali iliyapigia debe mabadiliko hayo kama afueni kubwa kwa mfanyakazi. Lakini wafanyakazi wengi, kila wanapoitazama hati ya mshahara mwisho wa mwezi, wangali wanauliza afueni yenyewe iko wapi.

Ili kulijibu swali hilo, ni vyema kukumbuka sheria hii ilikotoka. Mapendekezo yake yalikuwemo katika Mswada wa Fedha wa 2024, ule uliowamwaga vijana barabarani na ambao Rais William Ruto alikataa kuutia saini Juni 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia kwa nguvu katika Majengo ya Bunge. Mswada ulipozikwa, mema yake yalizikwa pamoja na mabaya. Kuyafufua kulihitaji sheria nyingine ya kurekebisha sheria za ushuru, ambayo Rais aliitia saini Desemba 11 mwaka huo. Wakati huo Wizara ya Fedha ilikuwa chini ya John Mbadi, mwanasiasa wa ODM aliyeingia Baraza la Mawaziri baada ya maandamano hayo.

Sheria hiyo iligusa ncha mbili za akiba: fedha zinapoingia na fedha zinapotoka.

Zinapoingia, mchango huondolewa katika mshahara kabla ya ushuru kukokotolewa. Hapa ndipo penye kikomo kipya cha Sh30,000 kwa mwezi, yaani Sh360,000 kwa mwaka. Aidha, mchango kwa hazina ya matibabu ya baada ya kustaafu husamehewa hadi Sh15,000 kwa mwezi.

Zinapotoka, mambo yalibadilika zaidi. Awali mstaafu aliyelipwa pensheni kila mwezi alisamehewa Sh25,000 za kwanza, na zilizozidi hapo zikatozwa ushuru hadi alipofikisha umri wa miaka 65. Aliyechukua malipo ya mkupuo alisamehewa Sh60,000 kwa kila mwaka wa utumishi, mradi jumla isizidi Sh600,000. Zilizosalia zilikatwa kwa viwango vilivyopanda ngazi kwa ngazi hadi asilimia 30. Yote hayo yameondolewa kwa aliyetimiza umri wa kustaafu, kwa aliyelazimika kuacha kazi kwa sababu ya maradhi, na kwa anayechukua akiba yake baada ya kupita miaka 20 tangu asajiliwe kuwa mwanachama wa hazina.

Sasa turudi kwa swali la mfanyakazi, na tulijibu kwa hesabu.

Kikomo cha Sh30,000 hakisimami peke yake. Sheria inasema kiasi kinachosamehewa ni kile kilicho kidogo zaidi kati ya vitatu: mchango halisi, asilimia 30 ya mshahara unaohesabiwa kwa pensheni, au Sh30,000. Kifungu hicho cha asilimia 30 hakizungumzwi sana majukwaani, ilhali ndicho kinachoamua mengi. Mfanyakazi wa mshahara wa Sh50,000 hawezi kusamehewa zaidi ya Sh15,000, sheria iwe ya zamani au mpya. Kwake, kupandishwa kwa kikomo kutoka Sh20,000 ni habari ya jirani. Ukipiga hesabu, utakuta kuwa yeyote anayepata chini ya takriban Sh66,700 hakupata chochote kutokana na nyongeza hiyo. Anayeweza kuitumia yote ni yule wa Sh100,000 kwenda juu.

Hata huyo wa juu, ni lazima awe anachangia kiasi hicho kikubwa. Chukua walimu, polisi na watumishi wengine wa umma walio katika mpango wa pensheni ulioanza Januari 2021. Wao hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, na Serikali huongeza asilimia 15. Mwalimu wa mshahara wa msingi wa Sh60,000 huchangia Sh4,500. Ili makato hayo pekee yafikie hata kile kikomo cha zamani cha Sh20,000, angehitaji mshahara wa zaidi ya Sh266,000. Ni walimu wangapi wa aina hiyo?

Isitoshe, thamani ya msamaha hupanda na mshahara. Kwa viwango vya ushuru vilivyokuwapo sheria ilipoanza kutumika, nyongeza ya Sh10,000 ilimwokolea mtu wa kiwango cha asilimia 30 jumla ya Sh3,000 kwa mwezi, na tajiri wa kiwango cha asilimia 35, Sh3,500. Wa mshahara wa Sh24,000 hakuokoa kitu, kwa kuwa nafuu ya kawaida ya Sh2,400 ilikuwa tayari imefuta ushuru wake wote. Huwezi kumsamehe mtu deni asilodaiwa.

Wanaoitetea sheria wana hoja, nazo si nyepesi. Ya kwanza ni kwamba Sh20,000 za mwaka 2006 si Sh20,000 za leo; bei za bidhaa zimepanda zaidi ya maradufu tangu wakati huo, na kikomo kilichoachwa palepale ni sawa na kikomo kinachoshushwa polepole bila tangazo. Kwa kipimo hicho, Sh30,000 hata hazijarejesha thamani iliyopotea. Ya pili inahusu NSSF. Kabla ya Februari 2023, mfanyakazi alichangia Sh200 kwa mwezi katika hazina hiyo. Chini ya sheria ya 2013, iliyokwama mahakamani kwa miaka mingi, mchango wa juu zaidi wa mfanyakazi ulipanda hadi Sh1,080, kisha Sh2,160 mwaka 2024, Sh4,320 mwaka 2025 na Sh6,480 tangu Februari 2026, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Mchango huo wa lazima huhesabiwa ndani ya kikomo kilekile. Kama kikomo kingebaki Sh20,000, mtu wa mshahara wa Sh108,000 angebakiwa na Sh13,520 tu za kuweka kwa hiari yake katika mpango mwingine. Sasa ana Sh23,520.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hoja hiyo ya pili ndiyo yenye uzito zaidi. Serikali isingeweza kumwongezea mtu makato ya lazima kila Februari na wakati uohuo kumbania nafasi ya akiba ya hiari.

Ila makato hayo hayakuja peke yake. Kuna asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, iliyoanza Oktoba 2024, na asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu. Kwa viwango vya mwaka 2025, mfanyakazi wa Sh50,000 alikatwa Sh3,000 za NSSF, Sh1,375 za afya, Sh750 za nyumba na takriban Sh5,850 za ushuru wa mapato. Alibakiwa na kama Sh39,000, kabla hajamlipa mwenye nyumba. Ni kweli kwamba sheria hiyo ya Desemba 2024 iliyaondoa makato ya afya na nyumba katika mapato yanayotozwa ushuru, na pengine hiyo ndiyo nafuu pekee aliyoiona mtu wa kipato hiki. Kumwambia aongeze akiba ya hiari ni sawa na kumwambia mwenye njaa afunge mkanda uliokwisha matundu.

Kuhusu fedha zinapotoka, picha ni tofauti kidogo. Mstaafu mwenye pensheni ya Sh20,000 kwa mwezi hakuwa akitozwa hata awali. Lakini mwalimu, muuguzi au karani aliyefanya kazi miaka 30 na kupokea mkupuo wa Sh2 milioni au Sh3 milioni alikuwa akiupoteza sehemu yake kwa ushuru wakati ambapo hana tena mshahara wa kuziba pengo. Huyu si tajiri, na amefaidika kikweli. Lipo jambo moja tu la kusikitisha: aliyechukua mkupuo wake Novemba 2024 alikatwa, na mwenzake aliyengoja hadi Januari hakukatwa. Kila sheria ya ushuru ina tarehe yake, na daima kuna watu wanaoangukia upande mbaya wa tarehe hiyo.

Kifungu cha miaka 20 kinahitaji kutazamwa kwa jicho kali zaidi. Kijana anayesajiliwa akiwa na miaka 24 anaweza kuchukua akiba yake bila ushuru akiwa na 44, umri ambao karo za watoto ndipo zinapokaba koo. Je, atafikisha miaka 60 akiwa na nini? Zaidi ya hayo, muda huhesabiwa tangu kusajiliwa katika hazina, jambo linalompendelea anayedumu kwa mwajiri mmoja kuliko anayehama kila baada ya miaka michache, na kazi za siku hizi ni za kuhamahama.

Kwa upande wa mapato, Serikali imesamehe ushuru pande zote: mchango unapoingia, faida inapozaliwa, na malipo yanapotoka. Jirani yetu Uganda hufuata njia nyingine, ya kutoza mchango na faida na kuyaacha malipo. Wakosoaji wanauliza iwapo nchi iliyolemewa na madeni inaweza kumudu ukarimu wa Kenya. Jibu la kejeli ni kwamba fedha haziendi mbali. Kufikia mwisho wa 2024, hazina za pensheni zilikuwa na mali ya zaidi ya Sh2 trilioni, na karibu nusu yake ilikuwa imekopeshwa Serikali kupitia hatifungani na dhamana nyinginezo. Inachoachilia kwa mkono mmoja, inakikopa kwa mwingine, kwa riba.

Wanaoachwa nje kabisa ni wa jua kali, ambao ni zaidi ya wanane kati ya kila wafanyakazi kumi nchini. Mama mboga na fundi wa pikipiki hawana hati ya mshahara. Msamaha wa ushuru hauna pa kuwagusia. Wamewahi kuletewa mipango ya kuweka kidogo kidogo, kama ule wa Mbao wa Sh20 kwa siku ulioanza 2011, na Haba Haba wa NSSF. Mipango hiyo yategemea subira ya mtu ambaye siku ya mvua haingizi kitu. Rwanda, katika mpango wake wa EjoHeza ulioanza 2018, iliamua kumwongezea mchango mwenye kipato cha chini badala ya kumpa msamaha asioweza kuutumia. Katika mjadala wetu wa 2024, wazo la aina hiyo halikupata nafasi kubwa, pengine kwa sababu lingegharimu fedha zinazoonekana katika bajeti, ilhali msamaha wa ushuru hugharimu zisizoonekana.

Sheria ya Fedha ya 2025 iliongeza jambo moja dogo lenye manufaa: mwajiri sasa anatakiwa kuweka nafuu na misamaha yote anapokokotoa ushuru wa kila mwezi, badala ya kumwacha mfanyakazi akaidai baadaye kwa Mamlaka ya Ushuru. Yafaa kila mmoja akague hati yake kuona kama hilo limefanyika.

Wakati huohuo, zipo serikali za kaunti, vyuo vikuu vya umma na mashirika ya Serikali ambayo huwakata wafanyakazi michango ya pensheni na kukosa kuiwasilisha kwa hazina husika, madeni yakarundikana mwaka baada ya mwaka. Wanaostaafu kutoka huko wamesamehewa ushuru wa malipo ambayo hawajayapata.