Mbao ya gemu inaenda wapi?

Leo tuongee pesa. Si pesa za serikali wala za benki, ni zile shilingi ishirini ishirini zinazotoka kwenye simu za vijana wetu kulipia gemu. Kila nikipita sokoni hapa Kianjai nawakuta wameinamia simu, huyu Free Fire, yule eFootball, na mjadala umechacha kuliko wa siasa: anayenunua vitu ndani ya gemu ni mjanja au ni mjinga? Wanaonunua wanawaita wenzao mafukara. Wasionunua wanasema ushindi wa kununua si ushindi. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na gemu nazo naziandika kidogo, kwa hiyo nina upande wangu katika ugomvi huu.

Kwanza, malipo madogo si dhambi. Sisi ndio watu wa mwisho duniani kuyakataa. Mafuta ya kupikia tunanunua kwa kipimo, kredo ya shilingi kumi, na ikiisha tunaomba Okoa Jahazi tunakatwa asilimia 10 na maisha yanaendelea. Ukituma shilingi 100 au chini yake kwa M-Pesa hukatwi hata senti. Hata gemu zenyewe tulizilipia vipande vipande kabla simu janja hazijafika vijijini. Kwenye kibanda cha PlayStation unatoa mbao, unacheza mechi moja ya FIFA, ukifungwa unampisha mwenzako. Sijawahi kumsikia mtu akilia kwamba kaibiwa. (Wapo waliolia kwa kufungwa mabao sita, lakini hayo ni yao.) Bei anaijua, dakika anazijua, na pedi anaishika mwenyewe, hata kama kitufe kimoja kimekufa.

Basi mtu akiniambia ubaya wa gemu za leo ni kulipishwa kidogo kidogo, nampinga. Ubaya ni kulipia kitu ambacho umezuiwa kukiona.

Tazameni miraa. Bunda limefungwa kwa jani la mgomba, ndiyo, lakini mnunuzi wa huku kwetu hatoi pesa kabla ya kufunua jani. Ni kangeta au ni giza? Ni ya leo asubuhi au ya jana? Mwuzaji akisema, "Lipa kwanza, ukifika nyumbani utajua ulichopata," atachekwa kutoka hapa mpaka Maua. Lakini kijana huyohuyo anayefunua jani kwa makini namna hiyo atatoa shilingi mia mbili kwa sanduku la gemu lililofungwa, akatoka na koti la rangi ambalo tayari analo.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani. Aprili 2006 kampuni ya Bethesda iliuza deraya ya farasi ya gemu ya Oblivion kwa dola 2.50. Wachezaji waliokuwa wamelipia gemu nzima walikasirika, wakaifanyia mzaha, na bado wengi waliinunua. Juni 2011 ikaja zamu ya EVE Online, gemu ya anga ya kampuni ya CCP ya Iceland: waliuza miwani ya jicho moja, pambo tupu, kwa zaidi ya dola 60. Wachezaji wakakusanyika kwa vyombo vyao kwenye mfumo wa nyota wa ndani ya gemu uitwao Jita, wakaupiga mnara risasi kwa siku kadhaa. Bei ile iliwaudhi, lakini kilichowasha moto zaidi ni jarida la ndani la kampuni lililovuja, ambamo ilijadiliwa kuuza zaidi ya mapambo, yaani nguvu.

Halafu Novemba 2017, Star Wars Battlefront II ya EA. Watu walipiga hesabu wakaona kumfungua Darth Vader kunahitaji takriban saa 40 za kucheza, huku sanduku za bahati zenye vitu vya kuongeza nguvu zikiuzwa kwa pesa halisi. EA ilipojitetea kwenye Reddit, jibu lake lilipigiwa kura za kulikataa zaidi ya 600,000. Kabla gemu haijatoka rasmi malipo yalizimwa, na yaliporudi mwaka 2018 yalihusu mapambo tu. Aprili mwaka huohuo Ubelgiji ilitangaza kwamba sanduku za namna hiyo ni kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Korea Kusini nayo, tangu Machi 2024, inazilazimisha kampuni kuonyesha uwezekano wa kupata kila kitu.

Sasa niwafungulie boneti mwone injini. Sanduku la bahati ni mistari michache sana ya msimbo. Unapobonyeza, simu yako haiamui lolote. Inatuma ombi kwa seva. Seva inachomoa namba ya nasibu na kuilinganisha na jedwali. Ikiwa kitu unachokitaka kimewekewa asilimia 1, basi namba moja tu kati ya mia ndiyo yako. Zile taa zinazozunguka, ngoma, mwanga wa dhahabu unaokaribia halafu ukapita, hayo yote yanachorwa baada ya jibu kujulikana. Umeshakosa kabla gurudumu halijaanza kuzunguka.

Na hapa ndipo vijana wengi wanakosea hesabu. Wanasema, "Asilimia 1, basi nikijaribu mara 100 lazima nipate." Sivyo. Kila jaribio linaanza upya, labda kama mtengenezaji ameandika sheria nyingine. Piga 0.99 mara 0.99 mpaka mara 100, utapata kama 0.37. Maana yake, kati ya watu 100 watakaojaribu mara 100 kila mmoja, karibu 37 wataondoka mikono mitupu. Kwa mbao kila jaribio, hizo ni shilingi 2,000. Kwenye kibanda ungecheza mechi 100, na pengine ungejifunza kukaba.

Ongeza ujanja wa sarafu ya uongo. Hulipi shilingi, unanunua kwanza daimondi au koini, kisha daimondi ndizo zinanunua kitu. Kwenye Free Fire daimondi 100 zimezoeleka kuuzwa kwa kama dola 1. Sasa skini ya bunduki ya daimondi mia tano na kitu ni shilingi ngapi? Mpaka upige hesabu ya dola, kidole kimeshabonyeza. Zinazobaki haziwezi kurudi M-Pesa, zinakukodolea macho mpaka ununue nyingine. Tena wanasema skini ni urembo tu, wakati kwenye Free Fire skini nyingi za bunduki huongeza sifa fulani za silaha na kupunguza nyingine. Duka likikataa kukuandikia bei kwa pesa yako mwenyewe, kuna jambo linafichwa.

Linaloniuma mimi ni hili. Mnazikumbuka zile mashine za kamari za sarafu ya shilingi ishirini zilizojaa madukani na kwenye baa mpaka vijijini? Kati ya 2017 na 2019 serikali ilizifanyia msako, zikabebwa kwa malori, nyingine zikachomwa moto hadharani. Wazazi walishangilia kwa sababu watoto walikuwa wakiingiza pesa za shule humo. Sheria yetu inasema aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari. Mashine ikachomwa. Mashine hiyohiyo ikarudi ndani ya simu, imepakwa rangi za katuni, na mtoto wa miaka kumi na miwili anaizungusha kitandani usiku bila chifu kujua. Mbao ni ileile.

Na wachezaji wetu wanajibu vipi? Hatuna mnara wa kupiga risasi. Wengi hawalipi tu, wanacheza bure na kutukana. Wengine wanatafuta toleo lililochakachuliwa lenye daimondi zisizoisha. Hao nawaomba wanisikilize kama fundi: hesabu ya daimondi iko kwenye seva, kwa hiyo namba unayoiona kwenye toleo lile ni picha tu. Tena kabla ya kuisakinisha angalia ruhusa inazodai. Gemu ya mpira inataka kusoma SMS zako za nini? SMS ndiko ujumbe wa M-Pesa unakoingia. Wapo pia wanaompa dalali wa WhatsApp neno la siri ili awawekee daimondi za bei nafuu, kesho akaunti imebadilishwa mwenyewe.

Halafu kuna PIN ya nyanya. Mjukuu ndiye anayemsomea nyanya ujumbe, ndiye anayemtolea pesa kwa ajenti, kwa hiyo PIN anaijua kama jina lake. M-Pesa inaweza kulipia vitu kwenye Play Store, na nyanya hataona "gemu" popote, ataona tu salio limepungua na kudhani ni makato. Simwiti mtoto huyu mwizi. Kampuni kubwa zenyewe zimebanwa kwa jambo hilihili: Desemba 2022 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza Epic, wenye Fortnite, dola milioni 245 za kurudishia wateja, kwa sababu vitufe vyao vilipangwa vibaya kiasi kwamba mtu alitozwa kwa mguso mmoja, na watoto walinunua bila wazazi kuombwa idhini. Ndani ya Play Store kuna mpangilio wa kudai uthibitisho kwa kila ununuzi. Nendeni mkauwashe leo kwenye simu ya nyumbani, hata kama hamkubaliani na mengine yote niliyoandika.

Sasa niwageukie wale wa kutolipa kamwe. Ndugu zangu, mnaniua. Kenya ina watu wanaotengeneza gemu. Black Division Games ya Nairobi ilitoa Nairobi X mwaka 2015, na si wao tu. Mchezaji anayetaka kila kitu bure milele hamwadhibu tajiri wa Singapore au Japani. Huyo ana wateja wachache duniani wanaomwaga maelfu, anawalisha hao, wewe ni msindikizaji. Anayeumia ni fundi wa hapa, anayebaki na njia mbili: ajaze matangazo kila dakika au ageuke naye aweke sanduku la bahati. Nimeshauriwa mara kadhaa niliweke. "Ndiko pesa iliko," waliniambia, na hawakudanganya.

Gemu ninayoiandika ni ya matatu kwenye barabara ya Meru kwenda Maua, kona zake zote na punda wa ghafla. Matatu ya kwanza ni bure. Ya pili itauzwa shilingi 20, imeandikwa shilingi, si daimondi. Utaizungusha uione pande zote na kuiendesha dakika mbili kabla ya kulipa, na ukiinunua itabaki yako hata ukibadilisha simu. Sehemu ya malipo bado inanisumbua, inakwama mtandao ukikatika katikati, yaani kila siku huku kwetu. Ikikamilika nitaandika hapa ni wangapi waliipakua na ni wangapi waliolipa, namba zote mbili.