Gari la usafi: pima maji kabla ya bei

Mfanyabiashara wa Mwanza anayezunguka kusafisha mazulia, makochi na magari hufika siku kirikuu isimtoshe. Hapo huwaza gari kubwa, akitazama nafasi na bei tu. Hesabu hiyo ina kasoro, kwani mzigo wake mkubwa ni maji.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kirikuu itokayo Japani imeundwa kubeba kilo 350. Tangi la lita 500 likijaa tayari limeizidi. Toyota HiAce ya mizigo hubeba takriban tani moja. Tangi la lita 1,000 huimaliza kabla ya pampu, jenereta na wafanyakazi, na vilima vya Bugando na Isamilo huzitesa breki.

Kuoshea ziwani si nafuu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Basi HiAce yenye tangi la lita 500 inafaa zaidi, kwa sharti moja: wateja wawe wameshapatikana. Gari linalosubiri kazi hula mtaji.