Kabla ya kununua skrini mpya, chomoa waya kwanza

Leo nina lalamiko, na ndani yake kuna somo dogo la kompyuta.

Shangazi yangu ana saiba ndogo yenye kompyuta nne. Hapo watu hujaza fomu za eCitizen na kuchapisha barua za kuomba kazi. Juzi alinipigia simu akiwa na wasiwasi: skrini moja imegeuka manjano, kila kitu kama kimepakwa bizari. Fundi wa jirani aliitazama dakika mbili, akasema imekufa, alete shilingi 7,000 za nyingine ya mtumba. Shangazi alikuwa ameshaomba mkopo kwenye chama.

Nilienda Jumamosi. Kabla sijamsema mtu, nikiri kosa langu. Mimi na digrii yangu tulianza kwa kufuta draiva ya kadi ya michoro na kuiweka upya. Saa nzima ikapotea. Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa huo, kila tatizo tunadhani ni la programu.

Kumbe rangi iliyopotea ilikuwa inanieleza yenyewe. Skrini huchanganya rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Zote zikiwaka kwa nguvu, unaona nyeupe. Katika waya wa VGA, ule wa pini 15 katika safu 3 (teknolojia iliyoletwa na IBM mwaka 1987), kila rangi ina pini yake: pini ya 1 nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 buluu. Fungua ukurasa mweupe, kisha tazama:

- Ukiwa manjano, buluu haifiki.
- Ukiwa zambarau ya kuelekea waridi, kijani haifiki.
- Ukiwa buluu ya kuelekea kijani, nyekundu haifiki.

Halafu bonyeza kitufe cha menyu kilicho kwenye skrini yenyewe. Menyu hiyo hutengenezwa ndani ya skrini, haipiti kwenye waya. Ya shangazi ilitokea na nyeupe safi. Basi kioo ni kizima, shida iko njiani.

Nikazima mitambo, nikachomoa waya. Pini ya 3 ilikuwa imelala ubavu! Niliiinua polepole kwa kibanio, nikachomeka, buluu ikarudi. (Usishtuke ukikuta tundu la pini ya 9 ni tupu. Waya nyingi hutoka kiwandani hivyo.) Kama pini ingekuwa imevunjika, dawa ni waya mwingine. Na kama waya mwingine haungesaidia, ningechomeka skrini hiyo kwenye laptop. Rangi zikikaa sawa huko, mgonjwa ni kadi ya michoro ya kompyuta ya kwanza. Lakini rangi zote zikipotea ukabaki na kijivu tu, huenda mtu amebonyeza vitufe vya Windows, Ctrl na C kwa pamoja. Bonyeza tena.

Sasa lalamiko. Nilimfuata fundi nikiwa nimekasirika. Akanijibu kwa upole: "Kaka, nikinyoosha pini wateja hunipa asante. Nikiuza skrini, napata kodi ya nyumba."

Nilikosa jibu, kwa sababu nami nimewahi kuombwa "niangalie tu kidogo" kompyuta za nusu ya ukoo bila hata soda. Hatupendi kulipia ujuzi kwa sababu haushikiki mkononi. Matokeo yake tunalipia vifaa, na vifaa ni ghali zaidi. Tena ile skrini nzima huishia jalalani bure.

Maoni yangu ni haya. Mteja, kubali kulipa ada ya ukaguzi, mkubaliane kabla fundi hajashika bisibisi. Nawe fundi, ukishalipwa, una deni la ushahidi. Usiniambie "imekufa". Nionyeshe ikiwa na waya mwingine, kisha nionyeshe kwenye kompyuta nyingine, ndipo uniuzie.

Shangazi alirudisha mkopo wa chama. Jumatatu alimwita fundi yule yule akamlipa shilingi 500 akague waya za kompyuta zote nne. Alikuta mmoja umelegea.

Je, wewe mara ya mwisho ulilipia ujuzi wa fundi, au ulilipia kifaa tu? Tuonane siku nyingine.