Kiwanja Kilichouzwa Wenyewe Wakiwa Ndani

Wanaoisifia Marekani hupenda hesabu hii: dola milioni 15 kwa zaidi ya kilomita za mraba milioni mbili, yaani kama senti tatu kwa ekari. Wanasema mwaka 1803 Rais Thomas Jefferson aliinunua Louisiana kutoka Ufaransa, akaikuza nchi yake maradufu kwa kalamu tu, bila risasi, na kila mtu akaondoka ameridhika. Ni hadithi tamu, ila kila ukiigusa inatoboka.

Tuanze na bei, maana ndiyo inayowatoa watu udenda. Mnunuzi wa kiwanja mwenye akili zake huuliza kwanza: huyu anayeniuzia, ni chake? Ufaransa ilirudishiwa Louisiana na Hispania kwa makubaliano ya siri ya mwaka 1800, ikaahidi kutoikabidhi kwa taifa jingine. Mkataba wa mauzo wa Paris ulipoandikwa tarehe 30 Aprili 1803, New Orleans ilikuwa bado mikononi mwa maofisa wa Kihispania. Wafaransa walikabidhiwa mji rasmi tarehe 30 Novemba. Tarehe 20 Desemba wakaishusha bendera yao, ya Marekani ikapanda. Siku ishirini! Kuna wageni wanaokaa gesti muda mrefu kuliko huo. Na balozi wa Marekani, Livingston, alipotaka kujua mipaka iko wapi, Talleyrand, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, hakumwonyesha. Alimjibu tu kwamba wamejipatia biashara nzuri, watajua wenyewe namna ya kufaidi. Dalali akikujibu hivyo, shika mfuko wako.

Halafu wenyewe walikuwamo ndani. Waosage, Walakota, Wapawnee na wengine wengi, hakuna aliyeulizwa. Kilichouzwa Paris, kwa lugha ya wanasheria, kilikuwa haki ya Marekani kuwa mnunuzi pekee wa ardhi hiyo kutoka kwa wenyeji, bila dola nyingine ya Ulaya kuingilia. Ardhi yenyewe ilichukuliwa baadaye, taifa moja baada ya jingine, mara kwa mkataba, mara kwa bunduki. Mwaka 1808 Waosage waliachia sehemu kubwa ya Missouri na Arkansas za leo. Walichopewa ni dola 1,200 taslimu na bidhaa za dola 1,500 kwa mwaka. Kwa hiyo zile senti tatu ni malipo ya kufunguliwa mlango tu.

Ati hakukuwa na risasi? Zilipigwa, tena nyingi mno, ila zilipigwa kwenye kisiwa cha jirani. Napoleon, mtawala wa Ufaransa, aliitaka Louisiana iwe ghala la kulisha Saint-Domingue (Haiti ya leo), koloni lake la sukari na kahawa, ambako watumwa walikuwa wamejikomboa wenyewe. Mwanzoni mwa 1802 shemeji yake, Jenerali Leclerc, alishuka huko na maelfu ya askari. Toussaint Louverture, kiongozi wa hao waliojikomboa, aliitwa kwenye mazungumzo, akakamatwa, akapelekwa kufungwa Fort de Joux, ngome ya baridi kali kwenye milima ya Jura. Askari wa Leclerc walikwisha kwa vita na homa ya manjano, na Leclerc mwenyewe akafa Novemba mwaka huohuo. Bila kisiwa, ghala la nini?

Toussaint alifia gerezani tarehe 7 Aprili 1803. Siku nne baadaye Talleyrand akamshtua Livingston kwa swali: mtatoa kiasi gani mkipewa Louisiana yote? Wamarekani walikuwa wametumwa kutafuta New Orleans na Florida tu. Lucien, mdogo wake Napoleon, anasimulia kwamba yeye na kaka yao Joseph walimfuata mtawala huyo hodhini akioga, wakapinga mauzo. Napoleon akainuka kwa hasira, akajibwaga tena majini, na Joseph akalowa chapachapa. Uamuzi haukubadilika. Nao Wahaiti, ambao damu yao ndiyo iliyoileta biashara hii mezani, walilipwa nini? Mwaka 1806 Marekani ilipiga marufuku biashara na nchi yao, na haikuwatambua kama taifa huru hadi 1862.

Wapo pia wanaomsifu Jefferson kuwa mlinzi wa katiba; hilo halihitaji maneno mengi. Yeye mwenyewe aliona katiba haimpi ruhusa ya kununua nchi, akaandika rasimu ya kuirekebisha, kisha aliposikia Napoleon huenda akaghairi, akaikunja. Seneti ikapitisha mkataba kwa kura 24 dhidi ya 7.

Linabaki dai ninaloliona baya kuliko yote: kwamba palijengwa milki ya uhuru. Uhuru wa nani? Kando ya Mississippi, juu ya New Orleans, mashamba ya miwa yalizidi kutanuka na watumwa wakazidi kuletwa. Januari 1811 mamia yao, wakiongozwa na Charles Deslondes, walishika mapanga ya kukatia miwa na bunduki chache, wakaandamana kufuata mto kuelekea mjini. Wanamgambo wa wenye mashamba na askari wa serikali waliwavunja ndani ya siku chache. Vichwa vya waliouawa vilitundikwa kwenye miti kandokando ya mto, ili kila aendaye shambani asubuhi avipite. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Aprili 1812, miaka tisa kamili tangu mkataba wa Paris, Louisiana ikapokewa kuwa jimbo la Marekani.