Neno la Arusi Lenye Hatari Ndani Yake

Mwezi huu tutazame kitenzi kimoja cha Kiingereza cha kale, "plight". Kimo katika ibada ya ndoa ya Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza tangu mwaka 1549. Bwana arusi akiisha kuahidi kukaa na mkewe katika raha na shida mpaka kifo, hukifunga kiapo chake kwa kitenzi hicho na kumwekea mkewe uaminifu wake.

Ni rahisi kukichanganya na neno jingine la Kiingereza lenye maana ya hali ya taabu, kwa kuwa huandikwa sawasawa. Lakini hilo lilitoka kwa Wafaransa. Kitenzi cha ndoa ni cha Waingereza wenyewe, na mzizi wake maana yake ni hatari. Ni kukitia hatarini kitu chako kwa ajili ya ahadi uliyotoa.

Sisi tungesema kuweka rehani. Mama aliyekopa fedha akaacha herini zake anajua kwamba asipolipa, herini zimekwenda. Bwana arusi naye huacha uaminifu wake, yaani jina lake na heshima yake. Hata "wed", neno la Kiingereza la kuoa na kuolewa, linatokana na neno la kale lenye maana ya rehani.

Hatari hiyo ilikuwa ya kweli. Uingereza, kabla ya sheria ya mwaka 1753, mume na mke waliotamkiana kwamba wanaoana tangu saa ile walihesabiwa na kanisa kuwa wameoana, hata pasipo kasisi. Je, mwanamke aliyetamkiwa hayo faraghani, mwanamume akikana na shahidi hayupo, angethibitisha vipi? Ndiyo faida ya kuapa mbele ya watu.

Kitabu kipya cha kanisa hilo cha mwaka 1980 kiliweka neno la kawaida la nadhiri mahali pa kitenzi hicho, ingawa kile cha mwaka 1662 bado kinaruhusiwa. Neno limezeeka, lakini jambo lenyewe bado. Basi tunapowafunda binti zetu, na wana wetu vilevile, kabla ya kuzungumzia gauni na keki tuwaulize: Unaweka nini rehani, na mashahidi wako ni nani?