Kisangani: Karatasi mbele, valizi nyuma

Kijana wa Kisangani akipata nafasi ya kusoma Ulaya, jamaa inakimbilia soko: valizi, koti ya baridi, sombe kavu, samaki ya kukausha. Karamu ya kuagana inapangwa mapema. Karatasi ndizo zinaachwa mwisho, na hapo ndipo mwaka wa masomo unapotea.

Balozi ziko Kinshasa, karibu kilomita 1,700 kwa njia ya mto. Mashua inaweza kumaliza majuma njiani. Tikiti ya ndege toka Bangboka inakula feza ya jamaa. Mutu akifika kule na buletini moja imekosa, ao jina la diploma halifanani na la pasiporti, anarudi mikono mitupu. Chuo hakimngojei.

Kwa hiyo wazazi waanze na pasiporti, diploma ya Serikali, buletini, cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Nguo zitafuata. Nakala zibaki nyumbani.

Na serikali iongee na balozi, zipokee mafaili hapa Kisangani hata mara moja kwa mwaka. Mutoto wa Lubunga aliyeshinda mitihani ya serikali asishindwe na umbali.