Usiku wa Kwanza Usiubahatishe

Kila likizo inapokaribia, mabwenini na kwenye vibanda vya chai huzuka mpango uleule: tubebe mabegi mgongoni, tupande basi, tuione Afrika Mashariki. Walioko Juba hutaka kushuka Nimule, Gulu na Kampala, na wenye ndoto ndefu zaidi hutaja Mombasa na Unguja. Walioko Kampala na Nairobi nao hutaka kupanda kaskazini waje waone nchi changa kuliko zote duniani, iliyojipatia uhuru tarehe 9 Julai 2011. Mpango ni mzuri na siupingi. Ninachokipinga ni sentensi moja inayosemwa kila mara, tena kwa majivuno: "Malazi tutajua hukohuko."

Hoja yangu ni hii: mwanafunzi anayesafiri na fedha kidogo ana wajibu wa kujua, kabla hajapanda basi, atalala wapi usiku wa kwanza. Nasema ni wajibu, wala si ushauri tu, kwa sababu anayebahatisha malazi mara nyingi siye anayelipa bahati inapokataa.

Tuanze na mahali ninapopajua. Custom ni soko na kituo cha magari hapa Juba, na wasafiri wengi wanaotoka upande wa Uganda hushukia hapo. Ni mahali penye uhai. Utasikia Kiarabu cha Juba, Kibari, Kidinka na Kiganda. Kiswahili kipo pia, cha wafanyabiashara wa Kenya na Uganda, na cha Wasudani Kusini waliokulia katika kambi ya Kakuma. Mchana mgeni hapotei, kwani kila akigeuka atampata wa kumwelekeza. Jioni mambo hubadilika. Maduka hufungwa, taa za barabarani ni chache, na kila mtu anawahi kwake. Mgeni anashuka na begi kubwa huku akizungusha macho, na papo hapo anazingirwa na bodaboda watatu au wanne, kila mmoja anayo "gesti nzuri, hapa karibu tu." Wengi wao ni watu wa heshima wanaotafuta riziki. Lakini mgeni hana namna ya kumtambua mwema na mbaya. Hajui bei ya haki, hajui pauni ya leo inabadilishwa kwa kiasi gani, na giza linaingia. Mtu aliye katika hali hiyo hachagui chumba, huchaguliwa chumba.

Msiniambie kwamba basi litafika mchana. Mabasi ya Kampala husafiri usiku na kufika mpaka wa Elegu na Nimule asubuhi. Hapo kuna foleni ya uhamiaji na ukaguzi wa mizigo. Kutoka Nimule hadi Juba ni kilomita 192 za lami iliyokamilika mwaka 2012, ila lami peke yake haileti haraka. Kuna vizuizi vya ukaguzi, kuna malori, na gurudumu likipasuka saa mbili zimekwenda. Barabara hiyo ina kumbukumbu nzito pia: mwezi Agosti 2021 basi lilishambuliwa, na watawa wawili wa Kikatoliki wakawa miongoni mwa waliouawa. Anayepita njia ya namna hiyo hawezi kuweka ahadi ya saa ya kufika. Kwa kuwa hajui atafika saa ngapi, ni lazima basi ajue anafikia wapi.

Sasa niingie katika jambo linaloniudhi zaidi. Wengi wanaosema "tutajua hukohuko" wana namba ya simu ya mtu mfukoni. Ni shangazi wa rafiki, ni kaka wa kanisani, ni mtu waliyesoma naye kidato cha pili. Saa mbili usiku simu inalia: "Tumefika Custom, tupo watatu." Mwenyeji atasema nini? Mila zetu hazimruhusu kukataa. Nimeona mwenyewe zaidi ya mara moja jinsi usiku huo unavyokwenda. Mama wa nyumba anatoa kitanda, watoto wanahamia mkekani, na chakula kilichopimwa kwa watu sita kinagawiwa kwa tisa. Maji hapa hayatoki bombani kwa wote. Nyumba nyingi huyanunua kwa pipa kutoka kwenye magari ya maji, hivyo wageni watatu wakioga vizuri, wenyeji wanakosha nyuso. Asubuhi wageni wanaaga kwa shukrani nyingi, kisha wanaandika kwenye simu zao kwamba wamezunguka nchi bila kutumia hata senti kwa malazi. Walitumia, ila fedha haikuwa yao.

Wapo watakaonijibu kwa methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Naam, lakini tuisome hadi mwisho wake. Imesema mwenyeji apone, haikusema afilisike. Mgeni aliyetoa taarifa wiki moja kabla, akaja na sukari na sabuni, huyo ndiye anayemponya mwenyeji. Na kufikia kwa ndugu kwa taarifa ni kuweka nafasi pia. Sijasema kila mtu alale gesti.

Upo upande mwingine ambao wavulana wanaopanga safari hizi huusahau. Katika kundi la wanafunzi watano, wawili ni wasichana. Mvulana akikosa chumba anaweza kukaa kituoni hadi alfajiri akaamka na hadithi ya kusimulia. Dada zetu hawawezi kuubahatisha usiku huohuo. Wanajua ni maswali gani wataulizwa mapokezini, ni mlango gani hauna komeo, na ni macho gani yatawafuata hadi chumbani. Kila ninaposikia wasichana wameambiwa ni waoga kwa sababu wanataka kujua mapema watalala wapi, naona ujasiri unaosifiwa hapo ni ule wa mtu asiyekuwa na cha kuogopa.

Wazo hili la kwenda popote bila mpango limetoka wapi? Wengi hudhani ndiyo asili ya safari za begi mgongoni. Si kweli. Vijana wa Ulaya na Marekani waliovuka Asia miaka ya 1970 walikuwa na vitabu. Tony na Maureen Wheeler walichapisha Across Asia on the Cheap mwaka 1973, wakaanzisha kampuni ya Lonely Planet, na kazi kubwa ya vitabu vile ilikuwa kumwambia msafiri alale wapi kwa bei gani. Zaidi ya hayo, msafiri huyo alikuwa na pasipoti inayofungua milango na ubalozi wa kumsikiliza. Sisi tumeiga majivuno yake, kitabu chake tumekiacha.

Tukirudi katika pwani yetu, Ibn Battuta alipofika Mogadishu karibu na mwaka 1331, alikuta utaratibu uliokwisha kupangwa. Merikebu ilipotia nanga, vijana wa mji walikwenda kuilaki kwa mashua, wamebeba chakula, na kila mfanyabiashara akachukuliwa na mwenyeji wake. Aliyeruhusiwa kushuka na kwenda atakako ni yule tu aliyekwisha kuujua mji na watu wake. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19 nayo ilikuwa na kirangozi aliyejua njia na vituo vya kupumzika. Watu hao hawakuwa waoga. Walijua kwamba ugeni ni udhaifu, na udhaifu hutafutiwa dawa kabla ya safari.

Wapinzani wangu wana hoja moja nzito, na sitaikwepa. Wanasema hoteli zinazoonekana kwenye intaneti ni za dola, si za wanafunzi. Ni kweli, na Juba ina historia yake katika hilo. Baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005, wafanyakazi wa mashirika walimiminika mjini wakakuta hoteli chache mno. Watu walilala katika mahema na makontena kando ya Nile kwa bei ambayo ingewalaza vizuri sana Nairobi. Hadi leo, anayetafuta chumba cha Juba kwa programu ya simu huonyeshwa zaidi dunia ya mashirika. Gesti za kawaida za Custom, nyingine watu huziita lokanda, hazimo humo. Wanasema pia kwamba picha hudanganya, na kwamba aliyelipa kila kitu mapema hupoteza fedha basi likichelewa siku nzima.

Yote hayo nayakubali, lakini hayathibitishi wanachotaka kuthibitisha. Yanaonyesha tu kwamba kulipia safari nzima kwa intaneti si njia yetu. Kuweka nafasi ni kupiga simu. Mtafute mwanafunzi, dereva au mfanyabiashara aliyelala hapo mwezi uliopita, upate namba ya mwenye gesti, uzungumze naye, umpe jina lako na siku ya kufika. Muulize mambo manne. Maji yapo au ni ya kununua? Jenereta inazimwa saa ngapi? Mlango mkubwa unafungwa saa ngapi? Malipo ni kwa pauni au kwa dola? Kama ni dola, nenda na noti mpya na safi, kwa maana za zamani au zilizochanika hukataliwa. Usitume fedha yote. Bei mliyoafikiana ndiyo ngao yako dhidi ya bei ya usiku.

Kuhusu saa nawaomba wanafunzi wa Kiswahili wawe waangalifu zaidi. Tangu tarehe 1 Februari 2021, saa za Juba ziko nyuma ya Kampala na Nairobi kwa saa moja. Kisha kuna tofauti ya kuhesabu. Sisi tukisema saa moja jioni tunamaanisha jua limekuchwa, lakini anayehesabu kwa Kiarabu akisikia saa moja atakungoja mchana, baada ya adhuhuri. Atakungoja, hutatokea, naye atampa chumba mwingine. Taja saa kwa namna zote mbili.

Baada ya usiku wa kwanza, msafiri na awe huru. Akishaamka, akanywa chai, akatembea mchana na kuzisikia bei, anaweza kuhama, kubaki au kuendelea na njia. Hapo kutoweka nafasi kuna faida, maana anachagua akiwa anaona. Sikukuu na mikusanyiko mikubwa peke yake ndiyo ya kuangaliwa: Sauti za Busara kule Unguja kila Februari, Maulidi ya Lamu, au siku kama zile za 3 hadi 5 Februari 2023 ambapo Papa Francis alikuja Juba na mahujaji wakatembea kwa miguu kutoka Rumbek ili wamwone. Katika siku za namna hiyo, hata usiku wa tatu si wa kubahatisha.

Napendekeza jambo moja ambalo halihitaji bajeti. Kila chama cha wanafunzi kiwe na daftari la malazi. Anayerudi safarini aandike jina la mahali alipolala, mji, namba ya simu ya gesti, bei aliyolipa na tarehe, na kama dada yake anaweza kulala hapo kwa amani. Tutakuwa na kitabu chetu wenyewe, kwa Kiswahili, kuanzia Custom hadi Forodhani. Na mwenzetu atakayesema "malazi tutajua hukohuko" tumpe daftari hilo na simu, apige kabla tiketi hazijakatwa.